Python 3.8 na 3.12 laptopu moja: pyenv, deadsnakes au Docker?

Chalii_wa_Njiro: Habari wakuu. Nina projekti mbili za ofisini, ya zamani inataka Python 3.8, mpya inataka 3.12. Jumatatu nakabidhiwa laptopu nyingine, nataka niipange vizuri toka mwanzo. Naona watu wanataja pyenv, deadsnakes, Docker kama njia za kuweka matoleo mawili pamoja. Ipi nichukue?

Mangi_Terminali: Mkuu distro gani, yaani Linux ya aina gani? RAM? Hiyo ya zamani ni kitu gani? Ubuntu 20.04 inakuja na 3.8, 22.04 ina 3.10, 24.04 ina 3.12, sasa bila kujua uko wapi tutakupoteza tu.

Fundi_Sakina: pyenv. Kila folda unaiwekea toleo lake, ukiingia inabadilika yenyewe, Python ya mfumo huigusi.

Dada_Seva: Mwambie basi na kwamba pyenv inakompaili kutoka sosi, yaani inajenga Python hapo hapo kwenye mashine. Asipoweka laibrari ya libssl-dev itagoma, asipoweka libffi-dev inamaliza vizuri halafu baadaye anaanza kuona moduli ya _ctypes haipo. Na umeme ukikatika katikati anaanza upya.

Mangi_Terminali: Atakachochagua sawa, ila asiguse python3 ya mfumo. Kuna ofisi hapa Moshi niliitwa, seva ya Ubuntu 20.04, fundi aliyepita alitaka 3.9, akaiweka, sawa, kisha akatumia update-alternatives ili python3 iwe 3.9, siku ile kila kitu shwari akalipwa akaenda zake. Baadaye wanaongeza PPA (hazina ya programu za nje), add-apt-repository inalia apt_pkg haipo, kwa sababu ile moduli ilikompailiwa kwa 3.8, 3.9 haiioni. Mtu wa ofisini akasoma mahali kwamba dawa ni kuitoa python3 na kuirudisha, akapiga apt remove, akakubali bila kusoma orodha, ikaondoka na vitu kibao, netplan inayopanga mtandao ikiwemo, akarestati, mtandao haupandi tena. Nimefika nikahamisha data kwa flashi, nikapiga Ubuntu upya usiku kucha na asubuhi watu wanataka kufanya kazi. Nasema tena, usiguse.

Kijana_Unga: Ndio maana Debian 12 na Ubuntu za sasa pip, ile ya kuweka laibrari za Python, inakukatalia ukiweka kwenye Python ya mfumo, inakuandikia externally-managed-environment. Wapo wanaopita kwa --break-system-packages, wasifanye hivyo. Tengeneza venv, yaani mazingira ya Python ya projekti hiyo peke yake, basi.

Chalii_wa_Njiro: Samahani wakuu. Ubuntu 24.04, RAM 8. Ya zamani ni Django 3.2 (fremuweki ya wavuti ya Python), inapokea buking za safari na kupanga magari na madereva. Mpya Django 5. Intaneti ni bando la simu.

Dada_Seva: Sasa tunaelewana. 3.12 unayo tayari, shida ni 3.8 peke yake. deadsnakes, ile PPA ya matoleo ya Python, inaiweka pembeni kama python3.8, haigongani na ya mfumo, usisahau python3.8-venv. Ila hakikisha kwanza bado ipo kwa 24.04, na matoleo yaliyokufa hayapati apdeti.

Kijana_Unga: Au uv. Hiyo haikompaili, inashusha Python iliyokwisha jengwa, na venv inakutengenezea humo humo.

Fundi_Sakina: Docker asahau, kila projekti kwenye kontena lake, RAM 8 itaisha.

Mangi_Terminali: Hapana mkuu, kwenye Linux Docker haiendeshi mashine pepe, kontena ni prosesi tu. Unayosema ni Docker Desktop. Kitakachomuumiza ni bando, achukue imeji ya slim, ile ndogo.

Dada_Seva: Mimi linaloniumiza ni jingine. 3.8 iliacha kupata viraka Oktoba 2024, Django 3.2 Aprili mwaka huo huo, na humo mna pasipoti za wageni! Django 4.2 inakubali 3.8 mpaka 3.12. Hamia 4.2 ukiwa bado 3.8, ukimaliza kutesti pandisha Python, unabaki na toleo moja. Chunga tu laibrari zinazoita moduli ya distutils, 3.12 imeiondoa.

Chalii_wa_Njiro: Dada nakuelewa kabisa, ila bosi hataki iguswe mpaka haisizoni ipite.

Dada_Seva: Bosi ameambiwa kuhusu hizo pasipoti?

Fundi_Sakina: Bado nasema pyenv.

Mzee_wa_Soweto: Wakuu, mimi nina PHP 7.4 na 8.2 seva moja, je?

Kijana_Unga: Fungua uzi wako mzee wangu. Kwa kifupi, PPA ya ondrej, kila toleo na php-fpm yake (prosesi inayoendesha PHP), seva ya wavuti Nginx unaielekeza soketi ya kila saiti.

Mzee_wa_Soweto: Na kama seva ni Debian?