Picha za vitu vidogo: kamera ndogo zitengewe kundi lao mashindanoni?

Konokono (mleta mada): Wakuu, salamu. Yapo mashindano ya picha za viumbe na vitu vidogo yanayochanganya simu, kamera za mfukoni na kamera kubwa katika kundi moja, na yapo yanayozitenga. Msimamo wangu: kuzitenga ni kosa. Kwenye vitu vidogo kamera ndogo haihitaji kuonewa huruma. Mpige sisimizi kwa f/4 (namba ya tundu la lenzi: ikipanda, tundu linafungwa) ukiwa na sensa ndogo (kibao cha kamera kinachonasa mwanga, siyo ile ya kuhesabu watu), utamwona vizuri kuanzia kichwani hadi tumboni. Rudia kwa f/4 hiyohiyo kwenye sensa ya milimita 36 kwa 24, unaambulia jicho moja na ukungu. Sasa aliyebeba begi zima amemzidi nini mwenye kamera ya mfukoni? Karibuni.

Lenzi Kuukuu: Mleta mada, umeteleza kwenye "f/4 hiyohiyo". Tuweke hesabu mezani.

Chukua eneo lenye upana wa milimita 18, tuseme jani na vidukari wake. Ili lijaze sensa ya 36 kwa 24 unahitaji ukuzaji wa mara 2. Kwenye sensa ya 17.3 kwa 13, ile ya kamera za mfumo uitwao Micro Four Thirds, unahitaji karibu mara 1 tu. Unapokaribia kiasi hicho, namba ya f unayoisoma kwenye kamera nyingi siyo inayofanya kazi: izidishe kwa (1 + ukuzaji). Kwa hiyo f/8 ya sensa kubwa inakuwa f/24, na f/5.6 ya sensa ndogo inakuwa takriban f/11. Ukizilinganisha hizo mbili, kina cha fokasi, yaani unene wa sehemu inayoonekana kwa ukali, ni kilekile, kama theluthi moja ya milimita.

Difraksheni nayo, yaani nuru kusambaa inapopita kwenye tundu dogo, haina upendeleo. Nukta ya nuru inachora duara la mikroni (elfu moja za milimita) 32 hivi kwenye sensa kubwa na mikroni 15 kwenye ndogo. Gawanya kwa upana wa sensa husika: zote mbili ni kama sehemu moja kati ya 1,100 ya upana wa picha. Ukungu uleule. Mwenye sensa kubwa akitaka kina chako, anafunga tundu na kupandisha ISO (wepesi wa sensa kunasa mwanga), basi. Udogo haujakupa kina cha bure. Umekupunguzia uchaguzi tu.

Konokono: Kwenye kina nimeinua mikono. Lakini hapo umenisaidia: kama picha zinatoka zilezile, kwa nini tuzitenge?

Panzi wa Kijani: Kwa sababu shambani hazitoki zilezile. Nyote mmesahau nafasi kati ya kioo cha lenzi na mdudu.

Kamera ya mfukoni ya Olympus TG-6 ya mwaka 2019 inakaribia hadi sentimita 1, na inapiga fremu kadhaa kwa fokasi tofauti kisha inaziunganisha yenyewe. Kwenye uyoga mdogo au mbegu, hiyo ni raha. Kwa buibui mrukaji ni shughuli nyingine: kwa sentimita 1 kamera inamtia kivuli, na flashi yake inazibwa na lenzi yenyewe. Ndiyo maana inauziwa pete ya kuvisha mbele ya lenzi ili ielekeze mwanga wa taa ya kamera pande zote. Na kabla hujabonyeza, buibui ameshakurukia au amejificha chini ya jani.

Njia nyingine ya kubaki mdogo ni kioo cha kubana mbele ya lenzi. Raynox DCR-250 ina nguvu ya dayopta 8, yaani urefu wa fokasi wa milimita 125. Ukiibana kwenye lenzi ya milimita 200 iliyowekwa fokasi ya mbali kabisa, ukuzaji ni 200 gawanya kwa 125, sawa na mara 1.6, na mdudu anakaa kama sentimita 11 mbele. Kosa linalowaangusha wengi ni kuzungusha fokasi kutafuta ukali. Kwa kioo hiki fokasi haikupeleki mbali; sogeza mwili wako mbele na nyuma, milimita kwa milimita. Pembe za picha zikiwa nyeusi, vuta zumu hadi zitoweke.

Lenzi Kuukuu: Ongeza na mwanga. Flashi ndogo tupu inaacha alama nyeupe kali kwenye mgongo wa sisimizi, kwa sababu mgongo ule unang'aa kama kioo na unarudisha umbo la taa yenyewe. Karatasi nyeupe nyembamba, tabaka mbili, upana wa sentimita 10, ikininginia sentimita 10 juu yake, kwake ni kama anga lenye mawingu. Ukiirudisha nyuma hadi sentimita 40, karatasi ileile inageuka kuwa taa ndogo tena.

Reli Ndogo: Naona mnazungumzia wadudu tu. Sisi wa treni za modeli tunajali udogo wa kamera kwa sababu ambayo hesabu ya Mzee Lenzi haiigusi.

Kwenye kipimo cha 1:160, mtu mwenye macho yaliyo mita 1.6 kutoka ardhini anatazama kutoka milimita 10 juu ya meza. Kwenye 1:87 ni milimita 18. Picha ikipigwa juu ya hapo, ubongo unajua mara moja kwamba hiki ni kitu cha kuchezea. Lenzi yenye mdomo wa milimita 77, hata ikilazwa mezani, katikati yake iko karibu milimita 40 juu. Kwa 1:160 hiyo ni zaidi ya mita 6! Umepiga stesheni kutoka ghorofani. Simu unaigeuza kichwa chini, kamera zinashuka hadi usawa wa reli, na unasimama kwenye jukwaa pamoja na abiria wa plastiki.

Onyo: simu nyingi za karibuni zinaruka zenyewe kwenda lenzi pana ukikaribia sana. Funika kamera moja moja kwa kidole ujue ipi inafanya kazi, kisha uzime huko kuruka kama mipangilio inaruhusu.

Konokono: Hii ya kichwa chini ni hoja bora kuliko yangu. Halafu wanaotaka kutenga watuambie mpaka wanauchora wapi. Hiyo 36 kwa 24 mnayoiita kubwa ilianza kama udogo: Oskar Barnack, mbunifu wa kamera ya Leica, alitumia filamu ya sinema kwenye kamera yake ya majaribio ya miaka ya 1913 na 1914, na Leica ilipotoka mwaka 1925 ilikuwa kitoto mbele ya kamera za siku zile. Kamera ya filamu ya Pentax Auto 110 ya 1978 ilikuwa na fremu ya 13 kwa 17, karibu sawa kabisa na sensa aliyotaja Mzee. Je, hiyo ndogo au kubwa?

Panzi wa Kijani: Basi tusitenge kwa ukubwa. Tutenge fremu moja na fremu zilizounganishwa. Kitu chenye kina cha milimita 3, kwa hatua ya robo milimita, kinataka fremu 12 au 13. Mguu ukisogea katikati, unapata miguu miwili ya kivuli, na kando ya pembe za mdudu kunabaki ukingo wa mwanga kama wa mshumaa. Kumshindanisha huyo na aliyenasa fremu moja ya mdudu anayetembea si haki kwa yeyote.

Lenzi Kuukuu: Naunga mkono, kwa sharti moja. Msidai faili ghafi (picha kama ilivyotoka kwenye sensa, kabla ya kuchakatwa) za kila fremu kama ushahidi. Kamera ya mfukoni inayounganisha yenyewe inakupa JPEG, faili ya kawaida ya picha, iliyokwisha kuunganishwa, kwa hiyo kanuni hiyo itawatoa watu walewale Konokono anaowatetea, bila hata kuwataja.

Konokono: Basi mwombaji aandike kwenye fomu: fremu ngapi, nani ameziunganisha, kamera au kompyuta. Panzi, unasemaje?

Panzi wa Kijani: Nakubali, ikiongezwa kisanduku cha tatu: kiumbe alikuwa huru, au alipozwa kwenye friji ili atulie? Hapo ndipo tutagombana kweli.