Gemu za kunyata: utamu wake uko wapi hasa?

Wa Mwanjelwa: Wakuu, poleni na baridi. Nina kibanda cha gemu hapa Mwanjelwa, Mbeya, na vijana wote wanataka mpira tu. Mimi usiku nikishafunga nacheza Thief, gemu ya mwizi anayenyata ya mwaka 1998, kwenye kompyuta kuukuu. Jana nimekaa gizani dakika nne nzima namsubiri mlinzi apite, jasho linanitoka, na nje ni baridi la Juni! Sijampiga mtu hata mmoja. Mbona inanoga kuliko za risasi?

Wa Tukuyu: Kwa sababu haikuonei, mkuu. Kuna kile kijiwe chini ya skrini: kikiwaka unaonekana, kikififia uko salama. Ukipita kwenye zulia ni kimya, ukikanyaga vigae au chuma kila hatua inalia. Kwa hiyo ukinaswa umejinasisha mwenyewe. Gemu ambayo mlinzi anakuona bila sababu mimi naifuta siku hiyo hiyo.

Wa Mafinga: Kwangu ni ule muda mfupi kati ya kushtukiwa na kukamatwa. Kwenye gemu ya Metal Gear Solid, ile alama ya mshangao juu ya kichwa cha askari, na mlio wake... moyo unaruka! Halafu unajificha ndani ya boksi la karatasi, unacheka huku unatetemeka. Ila anayesevu, yaani kuhifadhi alipofika ili akikamatwa arudie hapo, kila baada ya hatua tatu anajinyima, hofu yote inakwisha.

Wa Mwanjelwa: Hapo kwenye kusevu umenigusa, kaka. Leo nacheza bila. Na umeme wa Luku umebaki yuniti mbili.