Nimeolewa na Mjerumani: niende kwa viza ya matembezi au nisubiri ya ndoa?

Binti wa Jambiani

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Nina umri wa miaka 27, na mwaka jana niliolewa kwa ndoa ya Kiislamu na kijana wa Kijerumani aliyesilimu kabla ya kuja kuniposa. Wazee wa pande zote mbili waliridhia na ndoa yetu imesajiliwa. Yeye ameajiriwa Leipzig na hawezi kuhamia huku, kwa hiyo tumekubaliana kuwa mimi ndiye nitakayehama. Ananishauri niombe viza ya matembezi, kwa kuwa hutoka upesi, kisha tushughulikie karatasi nikishafika. Mama yangu hapendi nianze maisha na mume wangu kwa kujiita mtalii, nami moyo wangu haujatulia. Je, njia hiyo inakubalika? Na ni kweli kwamba lazima nifanye mtihani wa Kijerumani kabla ya kusafiri, ilhali Kijerumani nilichonacho ni kile cha kuwapokea wageni hotelini?

Mkaazi wa Hamburg

Wa alaykumu ssalaam, dada yangu. Mama yako ameona mbali. Viza ya matembezi ya nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, inakuruhusu kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180, na kwa kawaida haigeuzwi kuwa kibali cha ukaazi baada ya kuingia. Anayekwenda kuishi na mumewe huomba viza ya kuungana na familia katika ubalozi wa Ujerumani ulioko Dar es Salaam, kabla hajaondoka. Isitoshe, maombi ya matembezi yanakutaka ueleze sababu ya safari na nia ya kurudi, na ukiandika usichokikusudia, maandishi hayo yatabaki katika jalada lako na kukutangulia kila utakapoomba jambo jingine.

Mtihani ni kweli. Unatakiwa ngazi ya kwanza, yaani A1, ambayo hupima kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na katika mtihani wa Goethe-Institut, taasisi ya Kijerumani inayofundisha lugha hiyo, unafaulu ukipata alama 60 kati ya 100. Mimi nilivuka Dar nikakaa kwa mama mdogo miezi minne nikisoma, na ninakuhakikishia kwamba Kijerumani chako cha hotelini kitakufaa kuliko unavyodhani, kwa sababu wanauliza mambo ya kujitambulisha, bei, saa, miadi na kujaza fomu. Tena mumeo akiwa raia wa Ujerumani, kwa kawaida hatakiwi kuthibitisha kiwango fulani cha mshahara ili upewe viza, tofauti na mgeni anayeishi kule kwa kibali. Ukishapata kibali chako unaruhusiwa kufanya kazi, na kuna kozi ya wahamiaji yenye vipindi 600 vya lugha na 100 vya sheria, historia na utamaduni, ambayo ninakusihi usiikose.

Mzee wa Chake

Mwanangu, wakati unasoma hicho Kijerumani, anza kuyapanga majina yako. Sisi majina yetu ni la mtoto, la baba na la babu, na wenzetu wanataka jina la ukoo, kwa hiyo karatasi zako zote lazima zisomeke namna moja, kuanzia cheti cha kuzaliwa, cha skuli, pasipoti hadi cheti cha ndoa. Binti wa jamaa yangu aliandikwa Mwanakheri katika cheti kimoja na Mwanaheri katika kingine, kwa kosa la karani ambaye hakumuuliza hata mara moja, na herufi hiyo ilimchelewesha miezi saba akiwa mbali na mumewe. Marekebisho hushughulikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Usisubiri ubalozi ukuoneshe kosa.

Binti wa Jambiani

Ahsanteni sana, mzee wangu na dada yangu. Nimemsomea mama majibu yenu na amefarijika. Limebaki moja: mume wangu anasema baada ya miaka michache naweza kuchukua uraia wa kwao bila kuuacha wa kwetu.

Mkaazi wa Hamburg

Hapo ameisoma sheria ya upande mmoja. Ujerumani, tangu tarehe 27 Juni 2024, haimtaki mtu auache uraia wake wa asili, lakini Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukiuchukua wa kwao, wa kwetu unaondoka, pamoja na haki za Uzanzibari, ikiwemo ya kupewa ardhi. Mimi nimechagua kibali cha ukaazi wa kudumu, ambacho mke wa raia anaweza kukiomba baada ya miaka 3 wakiwa bado wanaishi pamoja, akiwa na Kijerumani cha ngazi ya tatu, yaani B1, na pasipoti yangu ya Tanzania ninayo hadi leo.

Jambo la mwisho ninakuambia kama mdogo wangu wa tumbo moja. Kibali cha mwanzo kinategemea ndoa, na mkitengana kabla hamjaishi pamoja kule miaka 3, unaweza kukipoteza, isipokuwa penye dhiki kubwa kama vile kupigwa. Simdhanii mumeo mabaya, lakini pasipoti yako na vyeti vyako vikae katika mkoba wako mwenyewe, na nakala zake umwachie mama Jambiani.