Naomba ushauri: stempu za kadi za harusi, Kampala hadi Gulu, Arua na Nairobi

Habari zenu wakuu. Kadi ni A4 ya gramu 300 kwa mita mraba, imekunjwa mara moja: karibu gramu 19. Bahasha ya C5 (saizi ya kutosha A4 iliyokunjwa mara moja) inaongeza gramu 8 hivi, jumla 27, kabla ya utepe na karatasi ya ramani. Kizingiti cha kwanza cha barua huwa gramu 20, kwa hiyo tayari tumeruka.

Je, nipunguze karatasi hadi gramu 200 (kadi itashuka hadi 12 na ushee) na kutumia bahasha nyepesi, au nilipe daraja la pili la uzito tu? Fundo la utepe nalo linanitia wasiwasi: unene ukipita milimita 5, bahasha haihesabiwi tena barua ndogo. Bibi harusi hataki kusikia habari ya kuliondoa!

Kadi ya majibu nimeifuta, maana stempu ya Uganda haifai kwa barua inayotumwa kutoka Nairobi. Namba ya simu inatosha.

Waalikwa wasio na sanduku la posta mnawafikishiaje: kwa sanduku la kanisa, au mzigo mmoja kwa basi?