Kisu cha buti cha makali kuwili, bei chee: nibaki nacho au nirudishe?

Mtembezi

Wakuu, heshima kwenu. Juzi nimepokea kisu cha buti nilichoagiza, kile kidogo chenye makali pande zote mbili, na ala yake ina klipu ya chuma ya kubana kwenye shingo ya buti. Natembea sana porini, nikataka kisu kinachobaki mwilini hata begi likiwa mbali nami. Bei yake ilikuwa chee, na hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Muuzaji anakipokea kikirudishwa ndani ya siku saba kama hakijatumika. Zimebaki nne.

Bapa lina urefu wa sentimita 10 na upana wa milimita 22. Pale katikati penye mgongo nimepima unene, milimita 4. Limegongwa "440" basi, hakuna herufi wala jina la kiwanda. Mpini ni wa mpira, unashika vizuri mkononi. Nikikata karatasi, upande mmoja unapita bila kelele. Upande wa pili unafika katikati, unakwama, kisha unachana.

Naomba mnisaidie: kwa kisu cha namna hii niangalie nini, na hiyo 440 ni chuma cha kuaminika? Natanguliza shukrani.

Kinoo

Umefanya la maana kupima, mkuu, maana vipimo vyako vinaeleza mengi kuliko ile namba. Kisu cha makali upande mmoja, chenye unene huohuo wa milimita 4, kingeteremka kutoka mgongoni hadi kwenye makali kwa upana wote wa milimita 22. Chako mgongo wake uko katikati, kwa hiyo kila upande una milimita 11 tu za kuteremkia. Ukipiga hesabu, chako kinakuwa kabari ya kama digrii 20 na kile kingine kama 10, kabla hata makali yenyewe hayajanolewa. Kabari nene inachoma vizuri lakini ni nzito kukata. Kamba nene utaisikia inagoma, na kijiti utakipasua badala ya kukichonga. Hapo hata cha bei kubwa cha umbo hilohilo hakikwepi.

Kuhusu upande unaokwama: washa taa, elekeza makali juu usawa wa macho, kizungushe polepole. Makali yaliyokaa sawa hayarudishi mwanga. Panapometa ndipo palipo butu au palipojikunja. Halafu kitazame kutoka nchani kuelekea mpinini. Mgongo upo katikati, au umekimbilia upande mmoja?

Mhunzi wa Jioni

Nijibu la chuma. 440 ni familia, na herufi ndiyo inayokuambia umepata ndugu yupi. 440A ina karboni, ile inayokipa chuma ugumu, kama asilimia 0.60 hadi 0.75, na 440C inaanzia 0.95 hadi 1.20. Kromiamu zote zina asilimia 16 hadi 18, ndiyo maana hazishiki kutu upesi. Kiwanda kilichotumia 440C hakiachi kuigonga herufi yake, kwa sababu inauza. Ukiona 440 tupu, hesabu kwamba ni A au pungufu ya hapo.

Hilo peke yake lisikukimbize. Chuma laini kinapoteza makali mapema lakini kinarudi haraka kwenye kinoo. Kisu kinachokaa kikisubiri dharura kinaweza kuishi na chuma hicho miaka mingi. Kinachonihofisha zaidi ni jinsi kilivyopikwa motoni, na hiyo haionekani kwa macho. Usijaribu na sumaku, maana aina hizi zote zinanasa sumaku, haitakutenganishia nzuri na mbaya. Kipimo cha kweli ni tupa: kwenye chuma kilichokomaa inateleza, kwenye kilicho laini inauma. Lakini ukipitisha tupa hapo umekitumia, na muuzaji hakipokei tena.

Nyikani

Mmezungumzia bapa tu, na mimi ala ndiyo iliyoniumiza. Nilikuwa na kisu kama hicho ndani ya buti la kulia, ala ya ngozi nyembamba iliyoshonwa kwa uzi pembeni. Nilichuchumaa kufunga kamba ya hema. Uzito wa mguu ukakunja ala, makali ya upande wa ndani yakapita katikati ya mshono, na nilishtuka kwa joto la damu ndani ya soksi kabla sijasikia maumivu. Kisu cha makali upande mmoja kina upande usiokata, unaweza kuuelekeza kwenye mguu. Hiki hakina upande salama. Ala ndiyo peke yake inayosimama kati ya chuma na ngozi yako.

Fanya hivi leo: kaa kitandani, geuza ala ncha ikitazama juu na mpini chini, juu ya godoro, utikise mara kumi kwa nguvu. Miguu na mikono iwe mbali. Kisha bonyeza ala kwa vidole pale panapopinda mguu ukichuchumaa, uone kama inakubali kukunjika.

Ala ya Ngozi

Naongeza la unyevu. Jasho la mguu lina chumvi, na ngozi inalihifadhi siku nzima. Hata chuma chenye kromiamu nyingi kitatoa vidoa vya kutu pale kinapolala kwenye ngozi iliyolowa. Ukibaki nacho, usikilaze ndani ya ala. Kikaushe, kipake mafuta kidogo, kikae wazi.

Mizani

Kabla ya yote hayo, sheria ya pale unapokwenda inasemaje? Makali kuwili yanabadilisha hukumu mahali pengi. Ujerumani kisu cha namna hii kinahesabiwa silaha na hakiruhusiwi kubebwa hadharani. California kukificha mwilini ni kosa, na ndani ya buti ni kukificha. Uingereza unachoruhusiwa kubeba hadharani bila sababu ya msingi ni kisu cha kukunja kisichofungika kikishafunguliwa, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Kisu chako hata hakikunjiki. Utabaki unajieleza kwa askari kuhusu kitu ambacho kazi yake porini ingefanywa na kisu cha kawaida.

Kinoo

Mizani amegusa penyewe. Umbo hili lilitengenezwa kwa kazi moja tu. Kile maarufu cha makomando wa Uingereza, cha Fairbairn na Sykes, kilibuniwa mwaka 1940 kwa mapigano, na ncha yake nyembamba ilijulikana kwa kuvunjika watu walipoitumia kubanjua vitu. Wewe hujasema unataka kupigana. Umesema unatembea porini. Huko utakata kamba, utachonga kijiti, utabonyeza kidole gumba juu ya mgongo wa kisu ili upate nguvu. Kwenye hiki kidole hicho utakiweka wapi?

Mtembezi

Wakuu, nimefanya yote isipokuwa tupa. Chini ya taa upande unaokwama unameta urefu wa kama punje ya mchele, sentimita 3 kutoka nchani. Mgongo umehama kidogo kushoto, nimeuona mara tu nilipotazama kutoka nchani. Hayo mawili ningeweza kuvumilia na kunoa.

Ala imenitisha. Mtikiso wa kwanza kilishika, wa pili kikalegea, wa tatu kikaanguka godoroni, makali yakiwa wazi. Nilipobonyeza ala, plastiki yake ilikunjika kabisa na nikasikia makali yakikwaruza ndani. Na swali la Kinoo la kidole gumba sikuwa na jibu lake. Nilikishika kama ninayechonga, kidole kikatua juu ya makali, nikakiondoa haraka.

Nakirudisha. Nitaagiza cha makali upande mmoja, bapa la urefu huohuo, ala ngumu ya kuvaa kwenye mkanda.

Nyikani

Uamuzi mzuri, ndugu yangu. Usikirudishe ndani ya ala hiyo peke yake, atakayefungua kifurushi hajui inavyoachia. Kunja kadibodi mara mbili, zungushia bapa zima, chomeka kipande cha kizibo nchani, funga kwa utepe wa gundi mpaka kwenye kikingio cha mkono, pale bapa linapokutana na mpini. Juu yake andika kwa kalamu nene: kisu ndani, makali pande zote mbili.