Roho Mtakatifu siku za kazi: tupeane uzoefu

Bwana asifiwe, wapendwa. Nimeokoka miaka 16 sasa, na shuhuda nyingi ninazosikia kuhusu Roho Mtakatifu ni za madhabahuni. Fulani kaanguka, fulani kanena kwa lugha, fulani kaombewa kapona. Sina ugomvi nazo. Ila Jumapili ni siku moja tu. Hizo sita zilizobaki, Roho anafanya nini ndani yako? Leteni ya kawaida, hata ya aibu. Naanza mimi.

Mdogo wangu wa kiume aliniudhi wakati tunamuuguza mzazi wetu. Mzigo wote niliona nimebeba peke yangu. Usiku mmoja nikaandika ujumbe mrefu kwenye simu, kila neno nimelinoa liingie. Kidole kiko juu ya kitufe cha kutuma. Sikusikia sauti, wala mwili haukusisimka. Kilichokuja ni swali: mara ya mwisho umempigia lini kumjulia hali tu, bila kumdai kitu? Nikajitetea kimoyomoyo. Swali halikubishana nami, lilikaa palepale. Nikafuta mstari wa mwisho, kisha wa juu yake, nikaendelea kupanda hivyo mpaka likabaki jina lake peke yake. Nikaandika "umeamkaje", nikatuma. Ilikuwa saa tano usiku, wala salamu yenyewe haikuendana na saa.

Yohana 14:26 inamwita Msaidizi, na kazi anayopewa pale ni kufundisha na kukumbusha. Kukumbusha! Kazi ya mtu anayekwambia umesahau ufunguo mlangoni. Neno la Kigiriki lililoko pale, parakletos, ni mtu aliyeitwa asimame upande wako, kama mtetezi kwenye kesi. Usiku ule nilishangaa kwamba aliyekuwa anatetewa ni mdogo wangu, na mshitaki ni mimi.

Haya, karibuni.

Kijana wa kwaya:
Umesema hata ya aibu, basi pokea. Nilimfuata dada mmoja wa kwaya nikamwambia Roho amenishuhudia kwamba yeye ndiye mke wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanijibu kwa upole kabisa: "Ndugu, Roho huyohuyo ninaye na mimi. Akinishuhudia nitakuita." Mpaka leo sijaitwa.

Msicheke sana. Nilifunga siku tatu kabla ya kwenda, lakini nilifunga nikiwa na jibu tayari mfukoni, nikawa namwomba Mungu akubaliane nami. 1 Yohana 4:1 inasema tuzijaribu roho, na mimi sikujaribu kitu. Siku hizi nikisikia msukumo unaofanana mno na ninachokitaka, naupeleka kwa wazee wawili wasioniogopa. Wale mitume kule Yerusalemu, Matendo 15, waliandika kwamba imempendeza Roho Mtakatifu "na sisi", na hilo lilikuja baada ya kuhojiana sana. Mimi "na sisi" niliiruka.

Muuguzi wa zamu ya usiku:
Kijana, Mungu akubariki kwa ukweli, umenichekesha zamu nzima.

Ya kwangu ni ndogo. Nilishapita kitanda kimoja, nimeandika kila kitu, mgonjwa amelala. Nikafika mezani nikakosa amani. Nikarudi. Dripu ilikuwa imesimama, mrija umekunjwa chini ya mkono wake. Nikaurekebisha. Mgonjwa hakuamka hata kidogo, hajui mpaka leo.

Sasa je, ni Roho au ni macho ya miaka mingi kazini yaliyoona kitu kabla akili haijaona? Sijui, na sioni kwa nini nichague moja. Mungu aliyenipa Roho ndiye aliyenipa na yale mafunzo. Ninachokijua ni kwamba nilikuwa nimechoka, kiti kilikuwa kinaniita, na kilichoninyanyua hakikuwa tabia yangu. Tabia yangu naijua.

Ila mleta mada, umetuacha njiani. Mdogo wako alijibu?

Mzee wa maombi:
Nawasalimu katika jina la Yesu. Wanangu, nasoma naona mnamshusha Roho Mtakatifu awe dhamiri tu. Dhamiri hata asiyeamini anayo. Matendo 1:8 inasema mtapokea nguvu! Mimi nilijazwa, nikanena kwa lugha, na mpaka leo nanena nikiwa naosha vyombo, maana kuna siku sijui niombe nini. Nikimaliza vyombo moyo umetulia. Hiyo nayo ni siku ya kazi, msiiache nje.

Mleta mada:
Mzee, shikamoo. Nimekubali, nilianza kwa kuwabana wenye lugha bila sababu, mnisamehe. Kuhusu dhamiri, nadhani haviko mbali hivyo. Warumi 9:1 Paulo anasema dhamiri yake inamshuhudia katika Roho Mtakatifu. Vyote viwili, sentensi moja.

Mkatoliki:
Sisi tulifundishwa mapaji saba wakati wa Kipaimara, tukayakariri kama jedwali la kuzidisha. Hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada, uchaji. Ukubwani nimebaki na moja, shauri. Nalisalia kabla ya kila kikao kazini. Matokeo yake makubwa mpaka sasa ni kwamba naongea kidogo. Wenzangu wanadhani nimezeeka.

Mjane:
Nimewaza sana kama niandike. Mume wangu alipofariki, miezi minane sikuhisi chochote. Kuomba siwezi, kusoma siwezi. Asubuhi nilikuwa nakaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, nahema tu. Wapendwa wakaja kunifariji, mmoja akaniambia nimemhuzunisha Roho kwa kulia kupita kiasi, ndiyo maana kaondoka. Lile neno lilinikaa kama mwiba.

Baadaye sana nikafungua mwenyewe Waefeso 4:30. Ukisoma mstari wa juu yake na wa chini yake, yanayotajwa ni maneno mabaya, uchungu, hasira, makelele, matukano. Machozi hayamo. Ningependa aliyeniambia angesoma mistari hiyo mitatu kabla ya kuja.

Na Warumi 8:26 ndiyo iliyonibeba. Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Mimi nilidhani pale kitandani sikuwa naomba. Kule kuhema kwangu na kiatu mkononi, labda ndiyo yalikuwa maombi na sikuwa peke yangu ndani yake. Sisemi nilihisi, sikuhisi. Lakini kila siku kiatu cha pili nilikivaa.

Mzee wa maombi:
Binti yangu, kwa niaba ya sisi tunaopenda kusema kabla ya kusoma, tusamehe. Leo jioni nikiwa na vyombo vyangu nitakutaja.

Muuguzi wa zamu ya usiku:
Mama, hapa sina neno. Nimekuelewa.

Kijana wa kwaya:
Mimi nashangaa kwamba karibu kila mtu hapa alizuiwa au alisubirishwa, hakuna aliyetumwa mbali. Hata Paulo, Matendo 16, alizuiwa kuhubiri jimbo la Asia, akajaribu kwenda Bithinia akazuiwa tena, na hatuambiwi alijuaje. Natamani Luka angeandika mstari mmoja zaidi pale.

Mleta mada:
Mwanangu, na mimi pia.

Kwa mliouliza habari za mdogo wangu. Alikaa kimya siku mbili. Ya tatu, alfajiri, simu ikaita mlio wa ujumbe. "Nimeamka. Wewe je?" Hatujazungumza bado yale ya mzazi. Tumefika kwenye salamu.