Jioni ya Julia Child kwa mama yangu: chakula na maigizo, opera, au jiko lake Washington?

MwanaTanga
Wadau, salaam. Mama yangu yuko kwangu hapa Massachusetts na mwezi ujao anatimiza miaka 68. Kiingereza chake ni cha salamu tu, ila anampenda mno Julia Child, yule mpishi wa Marekani wa kwenye televisheni. Kila usiku huniomba nimwekee kwenye simu vile vipindi vya zamani visivyo na rangi, vilivyoanza 1963 pale kituo cha televisheni cha WGBH, Boston. Nataka kumtoa. Kuna ukumbi mwigizaji anajifanya Julia huku wageni wanakula chakula cha usiku. Kuna chuo wataimba *Bon Appétit!*, ile opera (mchezo wa kuimba) ya Lee Hoiby inayomhusu Julia. Au tusafiri hadi Washington tukaone jiko lake lenyewe, chumba kizima alichopikia, kisha tupike nyumbani. Mama ni Mwislamu, nguruwe na pombe havipiti. Mngechagua ipi?

BibiWaWorcester
Mwanangu, mimi nilikwenda kwenye maigizo ya namna hiyo, ukumbi mwingine. Sauti ya Julia ile inayopanda na kushuka yule mwigizaji aliipata sawasawa. Lakini hakukata hata kitunguu! Alisimama akasimulia Paris na mumewe Paul kwa saa nzima, chakula kinatoka nyuma, sahani zinagongana juu ya maneno yake. Sisi tunaojua Kiingereza tulifurahi. Mama yako atabaki anatazama midomo. Julia ni mikono yake, kwa hiyo uliza kwanza kama jukwaani kuna jiko linalowaka.

MpishiWaZamu
Na uliza menyu kabla hujalipa. Kumbi hizi hupenda boeuf bourguignon, kwa kuwa ndicho alichopika katika kipindi cha kwanza. Ni ng'ombe aliyechemshwa kwenye mvinyo mwekundu na vipande vya nguruwe. Coq au vin vilevile, kuku wa mvinyo. Usikubali ukiambiwa pombe yote huisha motoni. Napika kila siku, haiishi yote.

Kinachomfaa mama ni sole meunière. Samaki bapa, jamaa wa gayogayo wetu: unampaka unga mkavu, unamkaanga kwa siagi, unakamulia limau. Basi. Ndiye samaki aliyemla Julia mjini Rouen mwaka 1948, siku alipofika Ufaransa, na ndipo mapenzi yake ya upishi yalipowaka. Ongea na mpishi mwenyewe, maana mhudumu wa mezani hajui kikaango kilitangulia kupika nini.

KasukuWaDC
Mimi naitetea opera. Mwimbaji ni mmoja, dakika kama 20, na anachofanya ni kuoka keki ya chokoleti kwa maneno yaliyotoka kwenye vipindi vya Julia. Hata asiyejua lugha anaona mayai yanapigwa, bakuli linachafuka. Ila haijazi jioni, na keki wakiigawa uliza kama ina pombe.

Jiko la Washington lipo Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, kuingia ni bure. Julia alilitoa zawadi mwaka 2001 kutoka nyumbani kwake Cambridge. Huingii ndani, unalitazama kupitia vioo. Meza zake zimeinuka juu kuliko za kawaida, kwa sababu Julia alikuwa na kimo cha sentimita 188, na ukutani Paul alichora umbo la kila sufuria ili kila moja irudi mahali pake. Mama mpishi akiona ule ukuta hatahitaji mkalimani.

BibiWaWorcester
Akienda, msimulie na siku ile Julia alipomwangusha kuku chini akamwokota.

MpishiWaZamu
Shikamoo bibi. Hakuwa kuku. Ilikuwa mkate wa viazi, alipougeuza ukamwagikia juu ya jiko, akaurudisha kikaangoni na kipindi kikaendelea. Video ipo.

MwanaTanga
Mama anaijua hiyo, ndiyo anayoirudia zaidi! Nimepiga simu ukumbini: jukwaani hakuna jiko, na menyu ni ng'ombe wa mvinyo tu. Nimeiacha. Opera imeangukia siku ya zamu yangu. Kwa hiyo Washington, watoto wakifunga shule. Kaka Mpishi, nimemsomea mama habari ya gayogayo, sasa anataka kujua hapa wanauzwa wakiwa wazima au wameshakatwa minofu, maana yeye anataka mwenye kichwa.

MpishiWaZamu
Mwambie muuzaji mapema, atamwekea mzima. Ngozi nyeusi ya juu aitoe, ile nyeupe aiache.